Elimu ya Msingi na Maisha ya Jamii katika Visiwa vya Chole, Juani na Jibondo

Wilaya ya Mafia, iliyopo Mkoa wa Pwani, hujulikana zaidi kwa minazi yake, kwa papa potwe wanaoonekana karibu na Kilindoni na kwa hifadhi yake ya bahari. Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi zaidi ya 66,000 katika wilaya hiyo, na wengi wao wanaishi katika kisiwa kikubwa. Wachache wanaishi katika visiwa vidogo vilivyopo kusini mashariki mwake, vikiwemo Chole, Juani na Jibondo, ambavyo kwa pamoja vimo katika Kata ya Jibondo. Kila kimoja kati ya visiwa hivyo vitatu kina shule yake ya msingi. Ni shule ndogo, na mambo mengi ambayo shule ya bara hayapi hata nafasi katika ratiba, kama vile upepo, kina cha maji na umri wa mwezi, huamua siku ya masomo itakavyokwenda.

Mwalimu anayepangiwa kituo cha kazi Chole akitokea bara husafiri kwa barabara hadi Nyamisati, Wilaya ya Kibiti, na kuvuka kwa kivuko cha MV Kilindoni au kwa boti hadi Kilindoni, makao makuu ya wilaya. Kutoka hapo huenda Utende, umbali wa kilomita zipatazo 15, kisha hupanda mashua inayomfikisha Chole kwa muda usiozidi robo saa iwapo maji yamejaa. Akipangiwa Juani au Jibondo, safari ya mwisho huwa ndefu zaidi. Mizigo ya shule hupita njia hiyo hiyo. Katoni ya chaki, mabati, madawati na bahasha za mitihani zilizofungwa kwa lakiri, vyote hupakiwa na kupakuliwa mara kadhaa kabla ya kufika, na kila upakiaji una gharama yake.

Afisa Elimu Kata naye hawezi kuzungukia shule za kata yake kwa pikipiki, kama wenzake wengi wanavyofanya. Kutoka shule moja hadi nyingine kuna bahari, isipokuwa kati ya Chole na Juani, ambako maji yakipwa sana mlango wa bahari huwa na kina kidogo kiasi cha kuvukwa kwa miguu. Njia hiyo hudumu kwa saa chache, na anayeitumia hana budi kujua saa ya kurudi.

Saa nne asubuhi

Jambo moja kuhusu bahari ya Afrika Mashariki linahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa bila hilo mahudhurio ya shule hizi hayaeleweki. Maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili katika kipindi kinachozidi saa 24 kidogo, hivyo kila siku majira yake husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mara mbili katika kila mwezi mwandamo, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa mno na kupwa mno, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Kati ya bamvua mbili huwepo maji mafu, ambapo tofauti hiyo ni ndogo.

Kutokana na umbo la bahari yetu, bamvua ya pwani ya Tanzania haiji saa yoyote. Katika siku hizo maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kiasi cha saa nne, asubuhi na usiku. Kwa maneno mengine, siku ambazo miamba na fungu za mchanga huachwa wazi kuliko siku nyingine zote, miamba hiyo huwa wazi katikati ya kipindi cha pili na cha tatu cha masomo.

Saa hizo ndizo za kuchokoa pweza. Pweza hukaa katika matundu ya miamba, na mtu mwenye mchokoo, macho makali na uvumilivu hurudi na kitoweo cha nyumbani pamoja na fedha mkononi, maana pweza ana soko la uhakika. Kazi hiyo haihitaji chombo wala nyavu, na tangu zamani imekuwa kazi ya wanawake na watoto. Kwa mama mwenye kaya ya watu sita, mtoto wa miaka 11 anayejua matundu ya pweza ni nguvu kazi kamili kwa siku nne au tano za bamvua. Kwa mwalimu wa Darasa la Tano, mtoto huyo ni jina lisiloitikiwa. Ikiwa bamvua huja mara mbili kwa mwezi, na mtoto akakosa siku nne kila inapokuja, amekosa siku nane kati ya takriban ishirini za masomo. Kwa mwaka mzima, hizo ni takriban asilimia 40 ya siku za masomo.

Utoro wa aina hii haufanani na ule wa mtoto aliyeacha shule. Mtoto wa bamvua hurudi. Hukosa kwa mpango, kisha huhudhuria bila matatizo wakati wa maji mafu. Ndiyo maana rejista ya mahudhurio katika shule ya kisiwani husomeka vizuri zaidi ikiwekwa kando ya kalenda ya mwezi. Mwalimu mgeni huona utovu wa nidhamu, na mwalimu aliyekaa miaka mitatu huona majira. Walimu wazoefu wa visiwani wana mbinu kadhaa ambazo hazimo katika mwongozo wowote: kuweka mada mpya za Hisabati katika juma la maji mafu na marudio katika juma la bamvua, au kukubaliana na wazazi kwamba mtoto aende mwambani Jumamosi na Jumapili tu. Makubaliano ya namna hiyo hufikiwa katika mikutano ya kamati ya shule na ya Umoja wa Wazazi na Walimu, na hudumu pale tu ambapo serikali ya kijiji imeyasimamia. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inampa mzazi wajibu wa kuhakikisha mtoto aliyeandikishwa anahudhuria, na mtendaji wa kijiji ana mamlaka ya kuchukua hatua. Hata hivyo, katika kisiwa ambacho mtendaji, mzazi na mnunuzi wa pweza wanasali katika msikiti mmoja, hatua ya kwanza huwa ni mazungumzo.

Upepo nao una kalenda yake. Kaskazi huvuma kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi mwezi Machi, na kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba. Kusi kali ya Juni, Julai na Agosti huchafua bahari, na siku nyingine mashua hazivuki kabisa. Mwezi Mei mwaka 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani na hatimaye kufika Mafia, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa tahadhari mfululizo na vyombo vya baharini vikazuiwa kusafiri. Kwa visiwa vidogo, tahadhari kama hiyo humaanisha kwamba kila kilichopo kisiwani, yaani chakula, dawa na walimu, ndicho kitakachotumika hadi bahari itulie.

Hesabu za shule ndogo

Tangu Januari 2016 Serikali inatekeleza mpango wa elimumsingi bila ada. Chini ya mpango huo, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambapo shilingi 6,000 hupelekwa shuleni moja kwa moja na shilingi 4,000 hutumika kununua vitabu kwa utaratibu wa pamoja. Mwalimu Mkuu hulipwa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi. Michango ya lazima iliyokuwa ikiwaweka watoto nyumbani iliondolewa, na uandikishaji uliongezeka nchi nzima, visiwani kukiwemo.

Kanuni ya kugawa fedha kwa kichwa ni ya haki kwa shule nyingi, lakini katika shule ndogo hesabu yake hubana. Chukua mfano wa shule yenye wanafunzi 150: fedha inayofika shuleni kwa mwaka ni shilingi 900,000. Shule ya mjini yenye wanafunzi 1,200 hupata shilingi 7,200,000. Ile ya kwanza haina moja ya nane ya mahitaji ya ile ya pili. Ina paa lile lile linaloliwa na chumvi ya bahari, ina mitihani ile ile ya kuchapisha, na ina nauli ya mashua ambayo shule ya mjini haiijui.

Hali ni hiyo hiyo katika ikama ya walimu. Uwiano unaotumika kwa elimu ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa uwiano huo, shule ya wanafunzi 150 inastahili walimu wanne. Lakini shule hiyo, ikiwa na darasa la awali na Darasa la Kwanza hadi la Saba, ina madarasa manane. Walimu wanne hawawezi kuwa katika vyumba vinane kwa wakati mmoja, na mmoja akivuka kwenda Kilindoni kufuatilia mambo ya kiutumishi, wanabaki watatu. Hapo kanuni ya uwiano, iliyowekwa ili kumlinda mwalimu dhidi ya msongamano, humuacha mwalimu wa kisiwani na mzigo wa namna nyingine.

Jibu linalotumika katika shule ndogo duniani kote, kuanzia visiwa vya Scotland hadi vya Japani, ni mwalimu mmoja kufundisha madarasa mawili au matatu katika chumba kimoja. Darasa la Kwanza huandika herufi huku la Pili likisoma kwa sauti, kisha hubadilishana. Wakubwa huwasaidia wadogo. Njia hii ikiandaliwa vizuri ina faida zake, kwani mtoto wa Darasa la Pili aliyechelewa kusoma hupata kusikia somo la Darasa la Kwanza mara ya pili bila kudharauliwa na mtu. Isipoandaliwa, nusu ya darasa huketi ikisubiri. Maandalizi hayo ni ujuzi unaofundishika, na mafunzo endelevu ya walimu kazini yanayofanyika katika ngazi ya shule ndiyo nafasi iliyo karibu zaidi ya kuufundisha. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 na baadaye kugawiwa kwa walimu vimesaidia kwa kiasi fulani, kwa kuwa mwalimu wa kisiwani anaweza kusoma moduli ya mafunzo bila kuvuka bahari, alimradi kuna mtandao na chaji.

Nyumba ya mwalimu ni suala lililo kubwa kuliko linavyoonekana katika taarifa za miundombinu. Mjini, mwalimu asiye na nyumba ya shule hupanga chumba. Katika kisiwa chenye wakazi wachache, nyumba za kupanga hazipo nyingi. Mwalimu asiyepata pa kuishi hulazimika kukaa ng'ambo na kuvuka kila siku, na tayari imeelezwa bahari inavyopanga saa zake. Maji ya kunywa ni tatizo la siku nyingi katika Jibondo, kisiwa cha mwamba wa matumbawe chenye udongo haba, ambako maji ya mvua hukingwa na kutunzwa kwa uangalifu mkubwa. Mwalimu anayehama mapema mara nyingi hakimbii watoto wala kijiji. Anakimbia ndoo tupu.

Darasa lisilo na kuta

Mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, unasisitiza ujenzi wa umahiri na matumizi ya mazingira ya mwanafunzi kama zana ya kujifunzia. Katika hilo shule za Chole, Juani na Jibondo zina utajiri ambao shule nyingi kubwa hazina.

Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ikiwa hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, na ina ukubwa wa kilomita za mraba 822. Visiwa vyote vitatu vimo ndani yake. Mtoto anayesoma kuhusu mfumo ikolojia hahitaji mchoro wa kitabuni: mikoko ipo ufukweni, nyasi bahari zipo mbele yake, na matumbawe huonekana maji yakipwa. Katika fukwe za Juani kasa hupanda usiku kutaga. Shirika la Sea Sense, kwa kushirikiana na wanavijiji, limekuwa likilinda viota vya kasa Mafia tangu mwaka 2001. Kasa mmoja hutaga mayai yanayoweza kuzidi 100 katika kiota kimoja, na mayai hayo huanguliwa baada ya siku zipatazo 55 hadi 60. Kwa mwanafunzi wa Darasa la Tano, hilo ni somo la Sayansi na la Hisabati kwa pamoja: kuandika tarehe ya kutaga, kukadiria tarehe ya kuanguliwa, kuhesabu maganda na kupata asilimia ya waliofanikiwa kutoka. Anayeona vitoto vya kasa vikikimbilia majini asubuhi, akaambiwa kwamba jike huchukua miongo kadhaa kabla ya kurudi kutaga, huelewa kwa nini nyama ya kasa iliyokuwa kitoweo cha babu yake leo imepigwa marufuku. Kuelewa huko hakuondoi ubishi nyumbani, na walimu hulijua hilo. Hifadhi ilileta mipaka ya uvuvi kwa watu ambao bahari ndiyo shamba lao, na mtoto hurudi kutoka darasani akiwa na maswali ambayo baba yake ana majibu yake mwenyewe.

Chole ina popo wakubwa wa matunda, jamaa ya popo wa Comoro na Shelisheli, ambao hushinda wakining'inia katika miti mirefu na kuruka jioni kutafuta chakula. Uchavushaji na usambazaji wa mbegu, mada ambazo watoto wengi hukariri, hapa hutazamwa kwa macho kila magharibi.

Historia nayo ipo karibu. Katika kisiwa cha Juani kuna magofu ya mji wa Kua, wenye misikiti, makaburi na jumba la mawe, ulioshambuliwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19 na kuachwa. Chole ilichukua nafasi ya Kua kama makao ya utawala wakati wa masultani wa Zanzibar na baadaye wa Wajerumani waliotwaa Mafia mwaka 1890, kabla makao hayo hayajahamia Kilindoni. Waingereza waliingia Mafia Januari 1915, na kutoka hapo ndege zao zilielekeza mashambulizi dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, hadi ilipoangamizwa Julai mwaka huo. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linapofika katika miji ya mwambao na katika ukoloni, mwalimu wa Chole anaweza kutoka nje ya darasa na kuonyesha ukuta.

Jibondo ina hazina ya aina nyingine. Wakazi wake ni mafundi mashuhuri wa vyombo vya bahari, na ufundi huo hurithishwa bila mchoro wa karatasi. Fundi hulaza mkuku, husimamisha fashini, hupanga mataruma na kupinda mbao kwa jicho na kwa kamba, kisha hukalafati kwa pamba na mafuta. Kila hatua ina hesabu ndani yake: uwiano wa urefu kwa upana, pembe ya mlingoti, eneo la tanga lililo la pembetatu. Mwalimu anayewapeleka wanafunzi pwani kupima chombo kinachoundwa hupata somo la jiometri ambalo hakuna anayesinzia, na fundi asiyewahi kuingia darasani huwa mwalimu kwa saa moja. Inafaa kusema wazi kwamba ufundi huu unahitaji kuandikwa, kwa kuwa mbao ngumu zinazidi kuwa adimu na ghali, na vijana wengi hupendelea kazi ya boti za injini. Mkondo wa amali ulioanzishwa katika elimu ya sekondari unatoa mlango ambao haukuwepo awali kwa ujuzi wa namna hii, endapo shule zitakazowapokea watoto wa Jibondo zitachagua fani zinazohusu uvuvi na uundaji wa vyombo.

Kilimo hakikuachwa nje. Tangu Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule za Mafia, kama nyingine nchini, zimekuwa na mashamba. Palipo na udongo wa kutosha kuna minazi, mihogo na bustani za mchicha. Kisiwani Jibondo shamba ni mtihani, na wakazi wake wengi hulima ng'ambo, katika kisiwa cha Juani.

Shule na kijiji

Siku ya mtoto wa kisiwani ina shule mbili. Asubuhi ni shule ya msingi. Alasiri ni chuo cha Kurani, ambako karibu kila mtoto huenda. Mwalimu wa madrasa na Mwalimu Mkuu wanafundisha watoto wale wale, na wanapoelewana, mengi hurahisika. Mtoto aliyezoea kusoma herufi za Kiarabu kwa mpangilio huja darasani akiwa na nidhamu ya kukaa na kusikiliza, na taarifa ya shule inayotangazwa baada ya swala ya Ijumaa huwafikia wanaume wote wa kijiji siku hiyo hiyo. Mwezi wa Ramadhani ratiba ya michezo hupunguzwa na uji wa shule husimama kwa wanaofunga. Maulidi na sherehe za Idd huwakusanya watu wa visiwa vyote, wakiwemo vijana wanaofanya kazi Dar es Salaam, na mara nyingi hapo ndipo michango ya hiari ya kukarabati darasa hupatikana.

Kuhusu chakula, mwongozo wa kitaifa unahimiza kila shule kutoa angalau mlo mmoja kwa makubaliano na wazazi. Visiwani mzazi asiye na fedha taslimu anaweza kutoa nazi, mihogo, kuni au siku ya kuchota maji. Kamati inayokubali michango ya namna hiyo hufanikiwa kuliko inayodai shilingi.

Majengo hujengwa kwa mchanganyiko wa fedha za Serikali na nguvu za wananchi. Hapa pia bahari huongeza bei: saruji hupakiwa bara, hupakuliwa Kilindoni, huchukuliwa kwa gari hadi ufukweni na kuvushwa kwa mashua, na mfuko mmoja ukilowa umepotea. Matumbawe yaliyotumiwa na wajenzi wa Kua hayaruhusiwi kuvunwa baharini ndani ya hifadhi. Kwa sababu hizo, bei ya darasa moja iliyokadiriwa kwa wastani wa nchi haitoshi kisiwani, na halmashauri zenye visiwa hulazimika kulieleza jambo hili kila mwaka wakati wa bajeti.

Jengo hilo likishasimama, hutumika kwa mambo mengi. Chanjo hutolewa hapo, wapiga kura hupanga foleni hapo, mikutano ya kijiji huhamia hapo mvua ya masika inaponyesha, na kiwanja chake ndicho uwanja wa mpira wa kisiwa kizima. Timu za shule hushiriki UMITASHUMTA, na kwa watoto kadhaa mashindano hayo huwa safari ya kwanza kulala nje ya kisiwa.

Kuvuka

Safari ya pili, iliyo nzito zaidi, ni ya kwenda sekondari. Mtoto wa Chole anapofaulu, shule yake mpya, iwe katika kisiwa kikubwa au kisiwa jirani, ipo ng'ambo ya maji. Avuke kila siku au akakae bweni, kwa ndugu au katika chumba cha kupanga. Kwa wazazi wa msichana, chaguo hilo la mwisho ndilo linaloleta hofu, na si hofu isiyo na msingi. Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 uliruhusu waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, kurejea shuleni, na umefungua njia kwa wengi. Bado nafasi katika bweni ni kinga bora kuliko ruhusa ya kurejea. Kuna pia badiliko la lugha: mtoto aliyezaliwa katika Kiswahili na kufundishwa kwa Kiswahili hukutana na Kiingereza kama lugha ya kufundishia akiwa mbali na nyumbani kwa mara ya kwanza.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imefanya elimu ya lazima kuwa ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Kwa mtoto wa bara, maana yake ni kuendelea na shule. Kwa mtoto wa kisiwa kisicho na sekondari, maana yake ni kwamba kuvuka bahari sasa ni sehemu ya elimu ya lazima, na usalama wa mashua umekuwa suala la kielimu sawa na dawati. Jaketi okozi la saizi ya mtoto, idadi ya abiria inayoheshimiwa na nahodha anayekubali kusubiri upepo utulie ni mahitaji ya shule.

Utekelezaji wa sera hiyo una tarehe inayokaribia. Mwaka 2027 wanafunzi wa mwisho wa Darasa la Saba na wa kwanza wa Darasa la Sita watamaliza elimu ya msingi kwa pamoja, na Januari 2028 makundi yote mawili yataingia Kidato cha Kwanza. Kila kisiwa kitavusha idadi inayokaribia mara mbili ya kawaida kwa mkupuo mmoja, na nusu yao watakuwa wadogo kwa mwaka mmoja kuliko waliotangulia. Majina yao tayari yamo katika rejista za shule, hivyo halmashauri, kamati za shule na serikali za vijiji zinaweza kuhesabu tangu sasa vitanda vya bweni, majaketi na nafasi katika mashua. Mwezi utakuwa mpevu tarehe 12 Januari 2028. Wiki hiyo itakuwa ya bamvua, na kiasi cha saa nne asubuhi maji yatakuwa yamekupwa; vyombo vitakavyowapeleka vitapaswa kuondoka alfajiri au kusubiri hadi alasiri.